Rumba kwa Hati Mkato

Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti kabla bendi haijapata mwanachama wa pili. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kulikuwa na uchaguzi. Aliingia ofisini kwetu asubuhi moja ya kiangazi akiwa na viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, ambavyo sikuwa nimeviona tangu utotoni. Akavua kofia, akasema, "Ndugu karani, nimekuja kuandikisha bendi."

Mimi nilikuwa karani mchapaji katika ofisi ya utamaduni, Tabora mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa mkulima wa Puge, nimetoka kumaliza mafunzo ya uhazili, na nilijivunia mambo mawili: nilichapa bila kutazama vidole, na niliandika hati mkato kwa kasi kuliko kiongozi yeyote alivyoweza kuhutubia. Katika miaka ile ya sabini, hilo la pili lilinipa kazi nyingi.

"Bendi ina watu wangapi?" nikamwuliza.

"Kwa sasa nipo mimi."

"Na vyombo?"

"Gitaa. Nyuzi nne bado ni nzima."

Alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, mtu wa makamo, mzaliwa wa Ujiji, na kichwa chake kilinukia mafuta ya nywele ambayo madukani yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Hoja yake ilikuwa kwamba muziki wa siku zile ulikuwa umeharibika. Vijana walipiga kelele tu. Bendi yake ingepiga nyimbo za miaka ya hamsini peke yake: rumba na cha-cha zilizokuwa zikiletwa kwenye santuri kutoka ng'ambo, zimeimbwa Kihispania.

"Hamtatunga hata wimbo mmoja wenu?"

"Hata mmoja. Tutazipiga zilivyokuwa."

Kumsikia akiisimulia miaka ya hamsini, ungedhani tulifukuzwa peponi. Kwake yeye miaka ile ilikuwa suruali pana, mafuta ya nywele, na wasichana waliopanga foleni kumsubiri acheze nao. Mimi miaka hiyo hiyo niliisikia kwa baba yangu, na ndani yake hakukuwa na suruali pana. Kulikuwa na kodi ya kichwa, na askari wa mtemi anayekuja kuuliza kwa nini haijalipwa. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba wakati huo tulikuwa tunatawaliwa. Akanitazama kama mtu aliyekumbushwa kwamba siku ya harusi yake mvua ilinyesha.

"Tulitawaliwa, ndiyo," akasema. "Lakini tulitawaliwa tukiwa tumevaa vizuri."

Nikampeleka kwa afisa. Afisa wangu alikuwa mtu wa pwani, mwenye suti ya Kichina iliyofungwa vifungo mpaka shingoni na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya buluu. Alikuwa amekaa Tabora miaka mitatu, na Kinyamwezi hakukijua hata salamu. "Mwangaluka" ya kumwitikia mfagiaji asubuhi ilimshinda. Aliamini kwamba kila kitu nchini, pamoja na usingizi, lazima kisaidie ujenzi wa taifa.

"Nyimbo za kigeni," akasema, "tena za wakati wa mkoloni. Zitamsaidia nini mkulima?"

Mwenyekiti hakupepesa jicho. "Ndugu Afisa, hizi ndizo nyimbo zilizotuletea Uhuru. Jioni tulikuwa tukizicheza, asubuhi tunakwenda mkutanoni."

Afisa akaliandika hilo kwa kalamu ya buluu. Hakuwa na ujasiri wa kukataa kitu kilicholeta Uhuru. Akatoa kibali cha muda, kwa sharti kwamba kila wimbo uletwe ofisini ukiwa umechapwa, maneno yake upande mmoja na tafsiri yake ya Kiswahili upande wa pili, nakala tatu.

Tulipotoka, Mwenyekiti akasimama mbele ya meza yangu. "Hati mkato yako," akasema, "inaweza kuandika lugha yoyote?"

Hapo ningejibu hapana, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne. "Inaandika sauti," nikasema. "Sauti yoyote ile."

Santuri zenyewe zilikuwa kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko. Yeye na baba yake walizaliwa Tabora, na katika hiyo miaka ya hamsini ndiye aliyewauzia watu magramafoni. Sasa bidhaa zilikuja kwa mgao, na rafu zake zilikuwa na viberiti, sabuni ikibahatika, na majora ya kitambaa cha magodoro ambayo hakuna aliyeyataka. Alikuwa mjane, mpole, mwenye macho ya kuchoka. Kwenye chumba cha nyuma alikuwa na santuri zimepangwa ndani ya makaratasi yake, na juu ya kabati kulikuwa na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, ambacho hakukigusa tangu mkewe afariki.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye unayejua Kihispania?"

"Hapana, Mzee. Mimi naandika tu."

"Basi tuko sawa," akasema. "Mimi nilikuwa nauza tu."

Kila Jumamosi mchana nilikaa pembeni ya gramafoni na daftari langu. Sindano ilikuwa moja, imechoka, na ikipita juu ya santuri ilikwaruza kama paka anayetaka kufunguliwa mlango. Nyuma ya mikwaruzo hiyo mwanamume mmoja aliimba kwa uchungu mwingi. Mimi niliandika.

Kwa asiyeijua, hati mkato huandika mifupa ya neno. Konsonanti unazichora kwa vimistari, irabu unaziacha ziende zake, na baadaye unapochapa unazirudisha, kwa sababu lugha unaijua. Sasa mimi lugha sikuijua. Nilipokaa mbele ya mashine Jumatatu mifupa ilikuwepo, nyama haikuwepo, nikatia nyama niliyokuwa nayo, na hiyo ilikuwa nyama ya Puge. Penye mashaka kati ya r na l niliandika l. Neno lililoishia kwa konsonanti nililipa irabu, maana nililionea huruma. Kulikuwa na neno moja ambalo mwimbaji alilirudia mara nyingi mno, akilivuta kama anang'olewa jino, nililichapa "kulasani". Nilipomaliza ukurasa nikausoma kwa sauti, nikaona unasomeka vizuri kabisa. Ulisomeka kama barua ya shangazi yangu.

Bendi ikakua. Mwenye duka akafuta vumbi kwenye kodiani, akajiunga. Mwenyekiti akampata fundi cherehani mmoja mtu wa Sikonge, Mmoraviani, aliyejifunza tarumbeta kanisani tangu ujanani. Fundi huyu hakukosea noti hata moja. Ila maisha yake yote alikuwa amepiga kwenye ibada na mazishi, na kila noti aliipiga kama anamsindikiza mtu kaburini. Shemeji yake alipiga ngoma kubwa, na kwa mwaka mzima sikumsikia akisema zaidi ya "haya". Mimi nilipewa manyanga ya kutikisa. Kisha Mwenyekiti alipoona hawezi kusoma maneno yangu na huku anatafuta nyuzi ambazo hazipo, nikapewa na kuimba pia.

"Maneno ni yako," akaniambia. "Yaimbe mwenyewe."

Tulifanya mazoezi uani nyuma ya duka. Wiki ya kwanza majirani walikuja wakiwa wamejifunga khanga kichwani, nyuso zimeinama. "Poleni jamani," wakasema. "Nani amefariki?"

Mwenyekiti alikasirika. "Fundi, hii ni cha-cha!"

"Najua ni cha-cha," fundi akajibu taratibu, akifuta mdomo wa tarumbeta. "Lakini tunaiharakishia wapi?"

Mavazi yakawa mkutano wa siku mbili. Mwenyekiti alitaka suti za miaka ile, mabega mapana, suruali zenye mikunjo. Kitambaa cha suti mjini hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kile cha magodoro, cheupe chenye mistari ya buluu, na mwenye duka alifurahi kukitoa kuliko sisi tulivyofurahi kukipokea. Fundi alishona suti nne na gauni moja, kwa ustadi ule ule aliopigia tarumbeta, bila kosa na bila furaha. Tulipozivaa wote kwa pamoja tulifanana na hospitali iliyotoroka. Mwenyekiti alijitazama kwenye kioo cha duka kwa muda mrefu, akapaka mate kwenye nyusi, akasema, "Kama zamani." Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka, na nakumbuka nilijaribu.

Ikabaki tafsiri. Mwenyekiti alikuja ofisini saa ya chakula, afisa akiwa ametoka, akaketi mbele ya mashine yangu.

"Huu wa kwanza unahusu nini?" nikamwuliza.

"Mapenzi. Zote zinahusu mapenzi. Sasa andika: Wakulima wa Tumbaku, Amkeni."

"Lakini Mzee..."

"Andika, binti."

Nikaandika. Yeye alitunga, akitazama dari, mimi nikachapa. Mvua imenyesha, twende shambani. Mbolea imefika, tuitumie kwa uangalifu. Tulipofika kwenye lile neno linalojirudia tukakwama, maana lilikuwepo mara kumi na moja katika ukurasa mmoja, nalo lilihitaji maana inayoweza kuvumilia.

"Jembe," Mwenyekiti akasema baada ya kufikiri.

"Kulasani ni jembe?"

"Mtu anaweza kulilia jembe mara kumi na moja. Afisa hawezi kulikataa jembe."

Na kweli hakulikataa. Alipiga mhuri nakala zote tatu, akapigia mstari mwekundu sehemu ya mbolea, akaniambia hakujua kwamba Wahispania wana mwamko kiasi hicho.

Tulipiga kwenye ukumbi wa jamii Jumamosi kadhaa alasiri. Watu walikuja, wa rika la Mwenyekiti hasa, wakacheza wamefumba macho. Vijana walisimama mlangoni wakicheka suti. Mimi niliimba kulasani yangu na nilianza kuizoea, na niseme ukweli, kuna mahali katika wimbo ule pa kupandisha sauti ambapo hata mimi niliyejua ni upuuzi mtupu nilijikuta nimefumba macho kama wao.

Mwezi Machi, tumbaku ikiwa inakaushwa mabanini, kwenye vibanda vyake vya moto, ikaja habari kwamba wageni kutoka Kuba, mabingwa wa tumbaku, watatembelea kijiji cha ujamaa huko Ipole. Afisa aliingia ofisini anang'aa. "Wageni wetu wanasema Kihispania," akasema. "Na sisi tunayo bendi ya Kihispania. Mkoa mzima ni sisi tu!"

Niliiacha karatasi kwenye mashine, nusu imechapwa. Nilikimbia stesheni kumtafuta Mwenyekiti. Nilimkuta akihesabu magunia, nikamweleza.

"Wataelewa kila neno," nikasema.

"Vizuri."

"Mzee, hakuna neno la kuelewa!"

Alifikiri, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa ujinga au imani. "Imba kwa nguvu," akasema. "Mtu ukiimba kwa nguvu, wanadhani wao ndio hawakusikia."

Tulipewa lori la ushirika. Asubuhi ile tulipita Sikonge, fundi akawapungia mkono watu wa kanisani kwao, wakamtazama na ile suti wasimpungie. Tulipokaribia Ipole lori likazama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Magari mawili ya wageni yalitupita pembeni, yakaturushia matope, na dirishani nikauona uso wa afisa wetu ukituangalia kama wa mtu asiyetujua.

Tukateremka, tukabeba vyombo kichwani, tukatembea. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, na nyumbani Puge tulilelewa na habari zake, jinsi walivyobeba pembe za watu mpaka baharini na kurudi na nguo, na njia za misafara zilizopita huku na huko katika nchi hii. Baba yangu alizisimulia kwa fahari. Mimi siku ile nilibeba ngoma kubwa kwa zamu na shemeji wa fundi, mwendo wa saa nzima, gauni la godoro limeninasa miguuni, na fahari sikuiona ilipo. Mwenyekiti hakubeba kitu. Alitembea mbele ameshika viatu vyake mkononi visichafuke, akituhimiza.

"Kazeni mwendo! Wazee wetu walikwenda mpaka Bagamoyo!"

"Wazee wako ni wa Ujiji," fundi akamwambia. Ndiyo mara pekee niliyomsikia fundi akisema kwa ukali.

Tulifika tukiwa na matope mpaka magotini. Wanakijiji walikuwa wamekusanyika mbele ya mabani, hotuba zimekwisha, wageni wamekabidhiwa asali kwenye vibuyu. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke, mama mnene mwenye suruali ya kaki, aliyekuwa akilinusa jani la tumbaku kama anasoma barua. Pembeni yake alisimama mkalimani, kijana kutoka Dar es Salaam mwenye miwani ya jua na uso wa mtu anayetaka kurudi alikotoka.

Mwenyekiti akavaa viatu. Tukaanza.

Niliimba kwa nguvu. Sikuwa na njia nyingine. Niliwatazama wanakijiji, sikuthubutu kuwatazama wageni. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye kiitikio nikajikaza nikageuza macho, nikamwona yule mama ameliacha jani lianguke. Alikuwa amekunja uso, ametega sikio, midomo yake inacheza. Nikajua tumekwisha. Nikaimba kulasani zote zilizobaki nikiwa nimefumba macho.

Tulipomaliza alikuja moja kwa moja mpaka tulipo, macho yamemlowa. Akasema maneno mengi, haraka haraka. Mkalimani akavua miwani.

"Anasema wimbo huu kwao upo. Mama yake alikuwa akiuimba akifua. Anasema amefurahi sana kwamba nyinyi hamkuiga tu kama kasuku. Mmeutia kwenye lugha yenu." Akatugeukia. "Anauliza, hiki ni Kinyamwezi?"

Wanakijiji, ambao walikuwa Wanyamwezi kuanzia mtoto hadi kikongwe, walitutazama. Afisa alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti, mtu wa Ujiji, aliinama kwa heshima.

"Ndiyo," akasema.

Mama yule akauliza tena, safari hii polepole, ameweka mkono kifuani.

"Anauliza kulasani maana yake nini. Kwao mahali hapo pana neno la moyo. Moyo wangu, usiniache, kitu kama hicho."

Hapo Mwenyekiti angeweza kusema moyo, tukawa tumepona sote. Lakini afisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na mfukoni mwa afisa kulikuwa na nakala yenye mhuri.

"Jembe," akasema.

Mkalimani akamwangalia. "Jembe?"

"Jembe. La kulimia."

Mkalimani akatafsiri. Mama akashangaa, akatoa daftari dogo, akaandika. Kisha akaanza kuwaeleza wenzake kwa mikono miwili, na mkalimani akawa anamfuata kwa shida: "Anasema, oneni, mahali ambapo mabepari waliweka mapenzi ya mtu mmoja mmoja, mkulima wa hapa ameweka chombo chake cha kazi. Anasema hili atalieleza kwao." Afisa alisimama wima zaidi. Naapa alirefuka.

Mama akataka tupige tena, akamwomba Mwenyekiti acheze naye. Miezi yote hiyo Mwenyekiti alikuwa ametusimulia jinsi alivyocheza. Yule mama alikuwa na miaka hamsini na zaidi na mabuti ya shambani, lakini kiuno chake kilikuwa kinajua mambo ambayo Mwenyekiti alikuwa ameyaona kwa mbali tu. Mwenyekiti alimkanyaga mara mbili. Mara ya tatu mama akamwacha taratibu, akaenda kumchukua shemeji wa fundi, ambaye aliweka ngoma chini, akasema "haya", akacheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hatukuwa tumemwuliza kamwe kama anajua.

Wakati wa kuondoka mama akaomba jembe. Mwanakijiji mmoja akampa lake. Akaliinua juu kwa mikono miwili, akapaza sauti: "Kulasani!"

Watu walipiga makofi, maana yeye ni mgeni na wao ni wakarimu. Nyuma yangu bibi mmoja akamwuliza jirani yake kwa Kinyamwezi, "Amesemaje?" Jirani akajibu, "Sijui. Labda ndivyo wanavyoliita kwao."

Jumatatu afisa aliniita, akafunga mlango. Mbele yake kulikuwa na nakala zetu.

"Ndugu karani. Hapa pameandikwa: lugha, Kihispania. Wenye Kihispania wamesema si Kihispania. Hii ni nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria mhuri wake kwenye nakala tatu, nikaona kwamba kweli ingemwumiza hata yeye.

"Ni Kinyamwezi," nikasema.

"Wewe ni Mnyamwezi. Unakielewa?"

"Si chote, bwana mkubwa. Ni Kinyamwezi cha kale. Cha wapagazi."

Sijui kilitoka wapi. Kilitoka kikiwa kimekamilika. Afisa alitikisa kichwa kukubali, akaandika kwa kalamu nyekundu, na mimi nikarudi mezani nikijiona nimeiokoa bendi.

Baada ya siku nne alinipa barua niichape. Ilisema kwamba imebainika bendi hiyo inaimba kwa lugha ya kabila. Kwamba lugha za makabila mahali pake ni kwenye ngoma za asili. Kwamba bendi ya dansi ya mjini inayoimba kikabila inaleta ubaguzi na kurudisha nyuma umoja wa taifa. Kibali kimefutwa. Bendi inaweza kuomba upya, kwa Kiswahili. Niliichapa bila kosa, nakala tatu, nikaipeleka mwenyewe uani nikaisoma.

"Ukabila?" Mwenyekiti akapaza sauti. "Mimi? Mimi si Mnyamwezi hata kidogo! Huyu ni Mhindi! Kabila lipi?"

"Nani amemwambia ni Kinyamwezi?" fundi akauliza.

"Wewe hukusikia? Mwenyekiti ndiye aliyewaambia wageni," nikasema upesi, na hilo nalo lilikuwa kweli, kwa kiasi chake.

Tukaomba upya. Kiswahili tulikuwa nacho tayari, kimepigwa mhuri. Sikukuu iliyofuata tulisimama uwanjani na suti zetu, nikaimba habari za mbolea na jembe kwa sauti ile ile ya kuachwa na mpenzi. Hapo ndipo watu walipoelewa maneno kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo walipoondoka. Waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kununua maji. Mpaka ubeti wa tatu walikuwa wamebaki viongozi, ambao hawakuruhusiwa kuondoka. Afisa alitusifu sana, akataka nyingine sita kwa ajili ya pamba, mihogo na usafi wa vyoo.

Mwenyekiti aliitisha kikao, akajiuzulu, akakataa kujiuzulu kwake mwenyewe, akajiuzulu tena. Miezi miwili baadaye reli ilimhamishia Kigoma. Nilisikia kwamba huko aliwaambia watu aliwahi kuupeleka muziki wetu mpaka Kuba.

Wiki aliyoondoka nilikwenda dukani, nikamweleza mwenye duka habari yote ya lile neno langu la wapagazi. Nilidhani atakasirika. Alikuwa akizirudisha santuri kwenye makaratasi yake, na hakuacha.

"Miaka kumi na mingapi nimeuza hizi," akasema. "Hakuna mteja hata mmoja aliyeniuliza wanasema nini."

Kisha akaniuliza kama Jumamosi nina kazi. Fundi angekuja na tarumbeta, shemeji naye angekuja, bila suti, bila kibali, mlango umefungwa. Nikasema nitafikiria. Nilikwenda Jumamosi tatu. Ya nne mvua ilinyesha kutwa, na ya tano nilikuwa tayari nafunga mizigo, maana nilikuwa nimepandishwa cheo na kuhamishiwa Nzega, kwa mapendekezo ya afisa, aliyeandika kwamba mimi ni mtumishi mwaminifu.